Nina kuni za majira saba ya baridi na bado naokota: hii ni akiba au ugonjwa?

SWALI: Nina miaka 61, nimestaafu. Nyumba yetu tunaipasha joto kwa jiko la kuni, na kila majira ya baridi tunachoma kama mita 8 za ujazo za kuni zilizopangwa. Miaka michache iliyopita umeme ulikatika siku nne katikati ya baridi kali, mama yangu mgonjwa akiwa ndani, na kuni zilikuwa karibu kwisha. Tangu hapo siwezi kupita mti ulioanguka bila kusimama. Leo nina karibu mita 60 za ujazo. Banda limejaa, gereji imejaa, na mwaka huu nimeanza kupanga kwenye chumba cha wageni kilichoko ghorofani. Baridi iliyopita niliwasha hita ya umeme wiki kadhaa ili safu yangu ya mwaloni mkavu isiguswe. Mke wangu anasema naumwa. Mimi namwambia akiba haiozi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kilichonishtua kwenye barua yako si hizo mita 60. Ni hita ya umeme.

Mwenye kuni nyingi kupita kiasi anaweza kuwa mchapakazi tu asiyejua pa kuishia. Lakini mwenye kuni za miaka saba, halafu analipia umeme ili kuni zisipungue, huyo kuni zake zimeshaacha kuwa kuni. Zimekuwa kitu kingine, na tutafika huko. Kwa sasa shika hili: katika jambo lako usipime kinachoingia bandani, pima kinachotoka.

Kwanza niruhusu nikutetee kidogo kwa mkeo, maana asiyeshughulika na kuni huona rundo kubwa na kudhani mwenye rundo ana kasoro. Kuni hazinunuliwi leo zikachomwa leo. Mti uliokatwa sasa hivi unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na kuni ya kuchoma inatakiwa iwe chini ya asilimia 20. Kilo moja ya kuni yenye unyevu wa asilimia 20 hutoa karibu megajuli 14, ambazo ni kama kilowati-saa 4 za joto. Kilo moja ya kuni mbichi, nusu maji nusu mti, hutoa kama megajuli 8 tu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kwamba umepima maji ukadhani ni mti, na maji hayo nayo hula moto wako, kama megajuli 2.5 kwa kila kilo, kabla hayajawa mvuke. Na hesabu hiyo bado inaihurumia kuni mbichi. Jikoni kwenyewe moto wake unakuwa dhaifu, gesi zinatoka bila kuungua, moshi unaganda ndani ya dohani kama lami, na lami hiyo ndiyo inayowaka siku dohani inaposhika moto.

Kwa hiyo lazima zikauke, na kukauka kunataka muda. Msonobari uliochanjwa mapema na kupangwa penye upepo unaweza kuwa tayari baada ya miezi 6 hadi 12. Mwaloni unataka miaka miwili, na vipande vinene hudai zaidi. Familia inayochoma mwaloni kwa utaratibu mzuri inakuwa na hesabu ya miaka mitatu kwa wakati mmoja: kuni za mwaka huu, kuni zinazomalizia kukauka kwa ajili ya mwaka ujao, na zile zilizochanjwa juzi. Kwako hiyo ni mita 24. Mgeni akiziona atashika kichwa, fundi wa majiko atakupa mkono. Hakuna ugonjwa hapo.

Swali ni zile 36 zilizobaki zinafanya nini.

Kwa upande wa moto hazifanyi chochote. Kuni hukauka mpaka zilingane na hewa iliyozizunguka, kisha husimama hapo hapo. Penye hewa ya unyevunyevu wa kati ya asilimia 65 na 80, kuni zitatulia kwenye unyevu wa takriban asilimia 11 hadi 16, na zitabaki hapo ukizisubiri mwaka mmoja zaidi au kumi. Mwaloni wa miaka mitatu na mwaloni wa miaka minane, vyote vikiwa vimekaa chini ya paa moja, vinatoa joto lile lile. Hakuna ubora unaoujenga kwa kuungoja.

Na ile methali uliyomtupia mkeo naipenda, ila walioitunga hawakuwa na mwaloni kwenye gereji. Kuni zinaoza. Kuvu wanaokula mti wanahitaji unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, na wanaupata kirahisi: safu ya chini iliyolala juu ya udongo, turubai lililofunikwa hadi chini likazuia upepo, kona ya nyuma ambako paa linavuja tone moja moja. Miti mingine, betula hasa, ina gome lisilopitisha maji. Gogo lake lisipochanjwa huozea ndani ya koti lake lenyewe huku nje likionekana zima. Kisha wapo bungua, wanaoacha unga laini chini ya kila tundu, na wapo siafu wa mbao na mchwa wanaotafuta njia ya kuhamia kwenye kuta. Ni kweli kuni zilizoinuliwa juu ya ardhi na kuezekwa vizuri hukaa miaka mingi zikiwa salama. Ila mtu mmoja mwenye mita 60 hazungushi rundo lake. Anaweka mpya mbele na kuchukua za mbele. Zile za nyuma kabisa chini hazijaona mkono wa mtu tangu ulipozilaza. Nenda leo ukavute vipande vichache vya pale, uvipime uzito mkononi na ugonge kimoja kwa kingine. Mti mkavu na mzima unalia kwa sauti kali. Uliooza unatoa mlio mfu na unamomonyoka pembeni.

Chumba cha wageni sikijadili kama suala la saikolojia. Hicho kiondoe wiki hii, na sababu zangu ni za fundi ujenzi. Mita moja ya ujazo ya mti mgumu uliokauka, ikiwa imepangwa, ina uzito wa kilo 450 hadi 500. Sakafu za vyumba vya kawaida vya kuishi husanifiwa zibebe mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Ukipanga mwaloni hadi kimo cha mita moja na nusu, umeweka karibu kilo 700 juu ya mita moja ya mraba, na uko ghorofani. Ongeza maji. Kama kuni hizo uliziingiza zikiwa mbichi, kila mita ya ujazo itatoa lita 200 hivi za maji kabla haijafika asilimia 20, na maji hayo yataingia kwenye hewa mnayopumua, kwenye plasta na kwenye godoro. Ndani ya nyumba weka kuni za siku mbili tatu, basi. Nje nako usizipange zikiegemea ukuta wa nyumba. Penye hatari ya moto wa msituni kinachoshauriwa ni kuacha angalau mita 9 au 10 kati ya rundo na nyumba. Na rundo lililorefuka kupita kifua cha mtu mzima likiporomoka juu ya mtoto halimwachi.

Sasa tuje kwako.

Kwa nini kuni, na si makopo ya chakula au betri? Nimezungumza na watu wanaorundika vitu vingi vya aina nyingi, na kuni zina sifa ambazo sizioni kwingine. Anayetumia mafuta ana tangi, na tangi likijaa, biashara imekwisha. Kuni hazina mfuniko. Hakuna mahali zinapokuambia basi. Mara nyingi pia ni za bure: mti umeanguka, mwenyewe anataka uondoke, na hakuna malipo ya kukufanya ujiulize kama kweli unauhitaji. Halafu kazi yenyewe ni tamu. Unachanja, unapanga, unarudi nyuma hatua tatu na kutazama. Kuna mwanzo, kuna mwisho, na kuna kitu cha kuonekana kwa macho. Mtu aliyestaafu, ambaye jana alikuwa na majukumu na leo simu haiiti, akipata kazi ya namna hiyo ataing'ang'ania. Simlaumu.

Mapenzi haya si yako peke yako. Februari 2013 shirika la utangazaji la Norwe, NRK, lilirusha kipindi cha saa 12 kuhusu kuni, sehemu kubwa yake ikiwa ni moto unaowaka mbele ya kamera moja kwa moja. Watazamaji wakaanza kulalamika, na malalamiko yenyewe yakagawanyika kati: wengine walichukia kuona kuni zimepangwa gome likiangalia juu, wengine walichukia kuona limeangalia chini. (Ukizipanga chini ya paa, haina tofauti kubwa. Zikiwa wazi kwenye mvua, safu ya juu kabisa ilaze gome juu.) Kwa hiyo anayeniambia kwamba kupenda rundo la kuni ni dalili ya maradhi, simkubalii. Kuna watu wenye kuni nyingi kuliko zako, wanazichoma kwa raha, wanagawia watu, wanalala usingizi.

Kwako kuna kitu cha ziada, na umekitaja mwenyewe kwa sentensi moja kisha ukakipita haraka: zile siku nne. Mama mgonjwa ndani, umeme hakuna, kuni zinakwisha. Kuna hofu inayojengwa na mawazo tu, na kuna hofu inayojengwa na jambo lililotokea kweli. Yako ni hii ya pili. Katika majira ya baridi ya njaa ya 1944 na 1945, wakati wa vita vya pili vya dunia, wakazi wa Amsterdam, Uholanzi, waling'oa hadi vipande vya mbao vilivyokuwa katikati ya reli za tramu ili wapate cha kuchoma. Mji wa Leningrad, Urusi, ulipozingirwa katika vita hivyo hivyo, watu walichoma samani na vitabu vyao. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nyaya na nguzo za umeme Québec, Kanada, mamilioni ya watu wakabaki gizani, na baadhi wakasubiri wiki kadhaa. Mwaka 2022, gesi ya Urusi ilipopungua Ulaya, Hungaria ilipiga marufuku kuuza kuni nje ya nchi. Siwezi kukuambia baridi haiui au kwamba mambo hayo hayarudi.

Ninachoweza ni kukupeleka kwenye hesabu. Mita 8 kwa msimu wa siku 150 hivi ni chini kidogo ya mita 0.06 kwa siku. Tufanye siku ya baridi kali unachoma mara mbili yake, tuseme mita 0.1. Umeme ukikatika si siku nne bali wiki mbili nzima, utahitaji kama mita 1.5, au tuseme mita 2 ili kuituliza hofu. Hiyo ndiyo bei ya zile siku ulizoogopa. Ulishailipa zamani, mwaka ule ule wa kwanza. Mita zote zilizofuata umekuwa ukilipa deni lililokwisha.

Na hapo ndipo utaratibu wa hofu unapoonekana. Unauona mti ulioanguka, moyo unakaza, unasimama, unapakia, moyo unalegea. Ule ulegevu ndio mshahara. Akili haijifunzi kwamba tayari una za kutosha. Inajifunza kwamba ulipata nafuu kwa sababu ulipakia, na kesho itadai tena. Ndiyo maana mita ya 60 haikukutuliza zaidi ya ile ya 30. Wasiwasi haukuwa unapima kuni. Unatafuta uhakika, na uhakika kamili juu ya baridi ijayo hauuzwi kwa mita za ujazo. Ukiielewa njia hiyo utaelewa na hita: kuchoma ni kupunguza, kupunguza ni kuirudisha ile hali ya kuni zinakwisha, basi bora umeme utumike na mwaloni ubaki. Kuni zimeacha kukukinga na baridi. Sasa wewe ndiye unayezikinga.

Je, huo ni ugonjwa wa kulimbikiza vitu? Kwa muda mrefu tabia hiyo ilihesabiwa kama tawi la magonjwa ya mawazo yanayojirudia na vitendo vya kulazimishwa. Mwaka 1996 watafiti Randy Frost na Tamara Hartl waliieleza kwa vigezo vyake yenyewe, na 2013 mwongozo wa uchunguzi wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano, ukaupa ugonjwa huo jina na nafasi yake. Kiini chake si kukusanya. Kiini ni ugumu wa kudumu wa kuachana na vitu, bila kujali thamani yake, pamoja na dhiki anayoipata mtu akitakiwa aviache, mpaka sehemu za kuishi zinajaa na kushindwa kutumika. Kukusanya kupita kiasi huongezwa kama maelezo ya pembeni tu, ingawa wagonjwa wengi wanalo. Na mwongozo huo unaposema sehemu za kuishi unamaanisha sebule, jiko, chumba cha kulala. Gereji, dari na stoo havihesabiwi. Kwa hiyo banda na gereji yako, hata zikijaa hadi mlangoni, hazikufikishi huko. Chumba cha wageni kinaanza kukusogeza.

Jambo jingine linalonifanya nisite kukubandika jina hilo ni umri. Kwa kawaida dalili za ugonjwa huo huanza mtu akiwa kijana mdogo na kuzidi polepole muongo kwa muongo. Muulize mkeo: ulikuwa mtu wa kutotupa magazeti, boksi tupu, nguo zilizochakaa, tangu mlipooana? Kama jibu ni hapana, na yote haya yalianza baada ya zile siku nne na yakakomaa baada ya kustaafu, basi maoni yangu ni kwamba una hofu iliyopata kazi ya kufanya na muda mwingi wa kuifanya. Hiyo inatibika vizuri. Tahadhari moja tu: kulimbikiza kunakozuka ghafla ukubwani bila sababu inayoeleweka, hasa kukiandamana na kusahau, kubadilika tabia, kukosa aibu au kutojali watu, ni jambo la kumwona daktari mapema, kwa sababu baadhi ya magonjwa na majeraha ya sehemu ya mbele ya ubongo huleta hali hiyo hiyo. Barua yako hainipi picha hiyo. Naitaja kwa sababu wengine wanaosoma huenda wana mzazi wa namna hiyo nyumbani.

Cha kufanya, basi. Anza kwa kuzipa kuni mfuniko ambao hazina. Pima matumizi yako ya kweli: wiki moja ya baridi, pima kwenye mizani kila kikapu kinachoingia ndani, uandike. Watu wengi hukisia vibaya, juu au chini. Kutokana na hapo panga kiwango cha miaka mitatu, ongeza mita 2 za dharura, simika nguzo bandani, na ukubaliane na mkeo kwamba kuni haziruki nguzo hizo. Kwa tarakimu ulizonipa ni mita 26. Andika mwaka kwa chaki kwenye kichwa cha kila safu, na choma ya zamani kwanza. Nunua kipima unyevu, ni kifaa kidogo. Chanja kipande na upime uso mpya wa ndani, usipime nje. Kitakusaidia kuliko nitakavyokusaidia mimi, maana hofu hubishana na maneno ya watu lakini namba iliyo mkononi inaisumbua.

Halafu kuna zoezi lenyewe, na hili hutalipenda. Baridi ikianza, washa jiko kwa ile safu ya mwaloni. Ndiyo, hiyo hiyo. Hita ibaki imezimwa. Moyo utakaza, pengine utashikwa na hamu ya kwenda kutafuta gogo la kuziba pengo. Usizibe siku hiyo, wala kesho yake. Kaa na hali hiyo huku nyumba ikiwa na joto. Wasiwasi ukiachwa bila kulipwa hupanda, unafika mahali, kisha unashuka wenyewe. Na kila ukirudia unapanda kidogo kuliko jana. Watu wanaotaka kuanza na kuni mbovu ili kujizoeza wanajidanganya. Kuchoma takataka ni rahisi kwa kila mtu. Unachojifunza ni kuchoma ulichokipenda na kuona kwamba kesho kumekucha.

Miti iliyoanguka nayo iwekee kanuni: hakuna kupakia siku uliyouona. Lala nao usiku mmoja. Asubuhi jiulize utaupanga wapi bila kuvuka nguzo, na ni safu ipi itatoka ili huu uingie. Mara nyingi utakuta mti hauna shida, hamu ndiyo imeisha. Na kama unachokosa ni kazi ya shoka yenyewe, ambayo kwa mtu wa umri wako ni mazoezi mazuri, chanjia wengine. Wapo wazee na wagonjwa wanaotumia kuni na hawawezi kuinua shoka.

Zile mita 30 na kitu zinazozidi, zigawe au uziuze, ila ziishie karibu. Hili watu hulipuuza. Mwaka 2002 huko Michigan, Marekani, aligunduliwa mbawakawa mmoja wa kijani kimetameta, asili yake Asia ya mashariki, ambaye mabuu yake huchimba chini ya gome la miti ya jamii ya Fraxinus. Mwenyewe haruki mbali sana. Kilichomsafirisha kwa kasi ni watu waliobeba kuni kwenye magari yao, na miti iliyokufa ni mamilioni kwa mamilioni. Kuni zichomwe karibu na zilipokatwa.

Kwa mkeo nina ombi moja, umsomee: asiziondoe kwa siri wewe ukiwa hupo. Najua inavutia, kukodi lori siku moja na kumaliza. Kwa watu wanaorundika vitu, kusafisha kwa lazima karibu kila mara huishia na rundo jipya, safari hii likiwa na uchungu ndani yake na mlango umefungwa. Akubali nguzo, asimamie nguzo, na amwache mwenye kuni achague zipi zinatoka. Asikuite mgonjwa mbele ya watoto. Na wewe kwa upande wako, chumba cha wageni ni chake pia, hukumwomba ruhusa.

Ile hofu ya umeme ipe dawa yake halisi badala ya mwaloni. Dohani ikaguliwe na kusafishwa kabla ya kila msimu. Weka king'ora cha gesi ya kaboni monoksidi penye kulala watu. Hakikisha jiko lako linawaka bila umeme, kwa sababu majiko yenye feni, na yale ya kuni zilizosagwa na kugandamizwa, huzimika umeme ukikatika hata kama una tani kumi uani. Weka maji, taa, dawa. Chagueni chumba kimoja ambacho mtakifunga na kukipasha joto peke yake mambo yakiharibika. Orodha hiyo, tofauti na rundo lako, ina mwisho.

Jipe msimu mmoja. Kama baridi ikiisha umechoma mwaloni wako, chumba kiko wazi na umeacha angalau mti mmoja ulale ulipoanguka, huna haja yangu. Kama umeshindwa kuigusa safu ile, au umeanza kuficha kuni mkeo asizione, au usiku unaamka kwenda kuzihesabu, tafuta mtaalamu wa saikolojia anayetoa tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra na tabia. Ndiyo inayotumika zaidi kwa wasiwasi wa namna hii na hata kwa ulimbikizaji wenyewe. Siku ya kwanza usimwanzie na mita za ujazo. Mwanzie na zile siku nne na mama yako, ambaye kwenye barua yako hukuniambia alikuwaje baada ya hapo.